Uchambuzi wa kisa: kipa aliyefungwa tisa, kisha akaitwa tena

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mmoja wa makipa wa mwanzo wa timu ya taifa ya Ujerumani, aliyeidakia kati ya 1909 na 1912. Kimeandikwa kwa ajili ya makocha wa makipa na wote wanaokaa kwenye vikao vya kuchagua kikosi. Jina lake tumeliacha, pamoja na majina ya makipa wenzake na ya waliomchagua. Humu ataitwa Kipa tu. Mechi, miji, miaka na matokeo ni ya kweli.

Kilichonifanya nimchague yeye ni jambo moja lisilo la kawaida. Kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya timu ya taifa ya Ujerumani ni 9-0. Ushindi mkubwa kuliko wote ni 16-0. Miaka mitatu tu inatenganisha mechi hizo mbili, na langoni alisimama mtu yuleyule. Ukimpima kwa mabao aliyofungwa, utalazimika kusema kwamba mwaka 1909 alikuwa kipa mbovu kuliko wote waliowahi kuidakia Ujerumani na mwaka 1912 akawa hafungiki. Hakuna kocha atakayekubali hesabu ya namna hiyo, lakini kila wiki tunaitumia kuwatoa makipa kikosini.

Usuli

Shirikisho la soka la Ujerumani liliundwa Leipzig mwaka 1900 na klabu 86. Timu ya taifa ilichelewa: mechi yake ya kwanza rasmi ilichezwa Basel tarehe 5 Aprili 1908, ikafungwa na Uswisi 5-3. Kocha hakuwepo, wala hakupatikana hadi 1926. Kikosi kilipangwa na kamati, na ndani ya kamati hiyo vyama vya mikoa vilivutana, kila kimoja kikitaka vijana wake wapate nafasi. Wachezaji walikuwa wa ridhaa wenye kazi zao, na ruhusa ya kusafiri ilikuwa ya kuombwa. Kambi ya mazoezi haikuwepo. Beki wa kusini na kipa wa kaskazini waliweza kucheza mechi ya taifa bila kuwahi kufanya hata zoezi moja pamoja.

Kipa alitoka Kiel, mji wa bandari kwenye Bahari ya Baltiki, na alikuwa na umri wa miaka 22 alipoitwa mara ya kwanza. Klabu yake ilikuwa inapanda kwa kasi katika soka ya kaskazini.

Kabla hatujamhukumu, tuitazame kazi yenyewe ilivyokuwa. Hadi 1912 sheria zilimruhusu kipa kuushika mpira kwa mikono popote ndani ya nusu yake ya uwanja, si ndani ya eneo la penalti peke yake. Lakini akiwa nao mkononi hakuruhusiwa kutembea zaidi ya hatua mbili. Na akishaushika, mshambuliaji alikuwa na haki ya kumkumba kwa bega.

Chukua krosi moja tu. Mpira ni wa ngozi, umefungwa kwa kamba, umelowa na umekuwa mzito. Kipa anaruka, anaudaka kifuani, anatua. Kwa kipa wa leo hatari imekwisha. Anatulia na kuwaambia wenzake wapande. Kwa kipa wa 1909 hatari ndiyo inaanza. Washambuliaji wawili wanamjia mbio, mabega yametangulia, na akisukumwa na mpira wake hadi nyuma ya mstari, ni bao halali. Ana hatua mbili za kuukwepa mgongano, kisha lazima autoe. Ndiyo maana makipa wa enzi hizo walipenda kuupiga mpira ngumi au kuupiga teke moja kwa moja, hata pale ambapo leo tungemlaumu mtu kwa kutoudaka. Kusimama kwao imara miguuni kulikuwa na maana kuliko urefu wa kuruka. Na mbele yao walikuwa mabeki wawili tu. Mfumo wa wakati huo ulikuwa na mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano.

Mfuatano wa matukio

*Oxford, Machi 1909.* Mechi ya kwanza ya Kipa ilikuwa ugenini dhidi ya timu ya taifa ya wachezaji wa ridhaa wa Uingereza. Neno "ridhaa" lisikudanganye. Mwaka uliotangulia, 1908, wachezaji wa ridhaa wa Kiingereza walikuwa wametwaa dhahabu ya Olimpiki jijini London, na miezi kumi na moja tu kabla walikuwa wameifunga Ujerumani 5-1 Berlin, kipa akiwa mwingine. Kwenye uwanja wa White House, Oxford, Ujerumani ilifungwa 9-0. Zaidi ya miaka mia imepita na rekodi hiyo bado haijavunjwa.

*Budapest, 4 Aprili 1909.* Wiki chache baadaye Ujerumani ilicheza mechi mbili za taifa siku moja. Kikosi kimoja kilikwenda Budapest kucheza na Hungaria, kingine kikabaki Karlsruhe kuipokea Uswisi. Makipa wawili walihitajika. Kipa alipelekwa Budapest, na mechi ikaisha 3-3. Kule Karlsruhe Ujerumani ilishinda 1-0, ushindi wake wa kwanza kabisa, golini akiwa mtu mwingine.

*Fainali ya 1910.* Mwezi Mei klabu ya Kiel ilifika fainali ya ubingwa wa Ujerumani mjini Köln dhidi ya Karlsruher FV. Dakika tisini ziliisha bila bao. Katika dakika za nyongeza Karlsruhe wakapata penalti, wakafunga, wakachukua kombe kwa 1-0. Kipa alikuwa amekaa karibu saa mbili bila kufungwa bao la mchezo.

Kesho yake tu, Duisburg, Ujerumani ilikuwa na mechi ya taifa na Ubelgiji. Yaani mtu aliyepanga ratiba aliweka fainali ya taifa na mechi ya timu ya taifa siku mbili mfululizo! Wachezaji waliofika hawakutosha, ikabidi wachukuliwe vijana wa hapohapo Duisburg waliokuja kutazama mpira. Ujerumani ikafungwa 3-0. Nakitaja kituko hiki kwa sababu kinaonyesha ni mezani kwa watu wa aina gani ambapo hatima ya Kipa ilikuwa inaamuliwa.

*Berlin, 14 Aprili 1911.* Waingereza walirudi Berlin, na Kipa akapangwa tena dhidi yao, miaka miwili baada ya Oxford. Matokeo yalikuwa 2-2. Mabao yote mawili ya Ujerumani yalifungwa na mshambuliaji wa klabu yake mwenyewe ya Kiel. Ujerumani haikuwa imewahi kutoka salama mbele ya Waingereza kabla ya siku hiyo.

*Hamburg, 26 Mei 1912.* Kiel na Karlsruhe walikutana tena fainali. Safari hii penalti ikaenda upande wa pili: mshambuliaji yuleyule wa Kiel alifunga, Kipa akailinda 1-0, na klabu ikatwaa ubingwa wake wa kwanza wa Ujerumani. Hadi leo haijapata mwingine.

*Stockholm, 29 Juni hadi 3 Julai 1912.* Mwezi mmoja baada ya ubingwa ikaja Olimpiki. Kamati ilikuwa na kipa bingwa wa nchi, mwenye uzoefu wa mechi za taifa tangu 1909. Mechi ya kwanza, dhidi ya Austria, haikumpanga. Alipangwa kipa mwingine, mgeni zaidi katika timu ya taifa. Ujerumani iliongoza 1-0 hadi mapumziko. Kipindi cha pili kipa huyo akaumia na kutoka. Kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa, kwa hiyo mshambuliaji mmoja akavua majukumu yake na kwenda kusimama golini, timu ikabaki na watu kumi. Ikaisha 5-1 kwa Austria.

Ujerumani ikaangukia kwenye mashindano ya kufutana machozi, yaliyoandaliwa kwa timu zilizotolewa mapema. Hapo sasa Kipa akapangwa. Tarehe 1 Julai waliifunga Urusi 16-0. Gottfried Fuchs peke yake alifunga mabao kumi. (Fuchs alikuwa Myahudi, na baadaye alilazimika kuikimbia Ujerumani ya Wanazi, akaishia Kanada.) Siku mbili baadaye Hungaria ikawafunga 3-1, na safari ikaishia hapo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa kuchunguza ni ule wa baada ya Oxford: Kipa hakuachwa. Ingekuwa rahisi kuusifu kama uvumilivu wa kupigiwa mfano. Mimi sioni hivyo. Mechi mbili za siku moja zilihitaji makipa wawili, na ratiba hiyo ndiyo iliyomrudisha uwanjani haraka. Laiti Aprili ile ingekuwa na mechi moja tu, nina shaka kama angekuwa wa kwanza kufikiriwa. Hata hivyo sare ya Budapest ilimpa kitu ambacho makipa wengi waliofungwa mengi hawakipati: mechi ya pili kabla ile ya kwanza haijageuka kuwa jina lake la utani.

Uamuzi wa pili ni wa Kipa mwenyewe na klabu yake, na huu nausifu bila kusita. Alirudi Kiel akaendelea kudaka. Kwa msimu mzima alisimama nyuma ya mabeki haohao, akacheza mechi kubwa za mtoano, akafika fainali, akashindwa, akarudi tena fainali. Timu ya taifa ilimwita siku chache kwa mwaka. Klabu ndiyo iliyomkomaza.

Uamuzi wa tatu ni kumpanga dhidi ya Waingereza 1911. Kati ya 1909 na 1911 makipa wengine walijaribiwa, kwa hiyo kamati haikukosa watu. Ilimrudisha kwa timu ileile iliyomfedhehesha. Uamuzi huo ulikuwa na hatari: kipigo kingine kikubwa kingemfungia mlango kabisa. Lakini uwanja ulikuwa wa nyumbani, mbele yake walikuwepo wenzake waliozoea zaidi mechi za kimataifa, na mshambuliaji aliyemfahamu tangu klabuni alikuwa upande wa pili wa uwanja.

Uamuzi wa nne, kumweka nje dhidi ya Austria, ndio mgumu kuutetea. Katika timu iliyogawanywa kwa mivutano ya mikoa, kipa hupangwa kwa sababu nyingi zisizohusiana na udakaji. Kilicho wazi ni kwamba aliyekuwa na mechi nyingi zaidi za taifa, na aliyetoka kutwaa ubingwa wiki tano nyuma, alikaa nje ya mechi ya mtoano na kuchezeshwa katika mechi ambazo hazikuweza kuirudisha timu kwenye medali.

Matokeo

Kipa alimaliza na mechi 13 za taifa, idadi kubwa kwa kipa wa miaka hiyo, wakati ambapo Ujerumani ilicheza mechi chache kwa mwaka na kubadilisha vikosi kila kukicha. Alikuwa bingwa wa Ujerumani mara moja na mshindi wa pili mara moja. Kiangazi cha 1912, mwaka wa mechi zake za mwisho za taifa, sheria nayo ilibadilika na kuwabana makipa ndani ya eneo la penalti kwa kushika mpira. Makipa waliofuata walijifunza kazi nyingine kabisa.

Uchambuzi

Mechi za Ujerumani dhidi ya wachezaji wa ridhaa wa Uingereza kabla ya Vita vya Kwanza zilikuwa nne: 1-5 mwaka 1908, 0-9 mwaka 1909, 2-2 mwaka 1911, na 0-3 Berlin mwaka 1913. Kipa alidaka mbili za katikati. Wengine walidaka ya kwanza na ya mwisho. Ukizipanga hivyo, yeye ndiye aliyefungwa mengi kuliko wote na ndiye pekee aliyetoka bila kushindwa. Hakuna namna ya kumpa yeye sifa zote za 1911 bila kumbebesha lawama zote za 1909, na kinyume chake.

Mechi nne ni chache mno kujenga hoja ya takwimu, na Waingereza hawakuleta watu walewale kila mara. Lakini zinatosha kuonyesha kilichobadilika na kilichobaki. Kipa alibaki. Uwanja ulibadilika, mabeki walibadilika, na wachezaji wa Kijerumani walikuwa wameshazoea kidogo kasi ya soka ya kimataifa. Kwa mfumo wa mabeki wawili, jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Viungo wasipojua lini warudi, washambuliaji watano wa Kiingereza wanakutana na watu watatu, kipa akiwemo. Kipa wa hapo ni kama mtu anayekinga maji ya paa linalovuja kwa bakuli moja.

Ushindi wa 16-0 unathibitisha jambo hilohilo kutoka upande wa pili, na nashangaa kwamba huwa hausomwi hivyo. Kutofungwa kwake siku ile hakutuelezi kitu kuhusu udakaji wake, kwa kuwa mpira ulikuwa mbali naye. Mtu wa kumchambua katika mechi ile ni kipa wa Urusi. Yeye ndiye aliyekuwa "Oxford" siku hiyo, na kama kuna kocha wa Kirusi aliyemfuta kwenye daftari kwa sababu ya namba 16, alifanya kosa lile ambalo Wajerumani, kwa bahati zaidi kuliko kwa akili, walilikwepa.

Kilichofaulu, basi, ni mambo mawili. La kwanza ni mechi ya haraka baada ya kipigo, ugenini, dhidi ya mpinzani mgumu lakini anayewezekana. Wapo makocha wanaompumzisha kipa baada ya mabao mengi wakisema wanamlinda. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi wanayemlinda ni kocha mwenyewe dhidi ya maneno ya mashabiki, na kipa anakaa mwezi mzima na mechi moja tu kichwani. La pili ni klabu iliyomwamini bila kujali kilichotokea kwenye timu ya taifa. Fainali mbili, zote zikiamuliwa na penalti, zinamaanisha kwamba katika dakika zote za mchezo wa kawaida za fainali hizo wapinzani hawakumfunga. Hicho ndicho kipimo ambacho kamati ingepaswa kukiangalia mwaka 1912, na kilikuwa mezani kwake wiki tano kabla ya Stockholm.

Kilichofeli ni kingi, na sehemu kubwa si cha Kipa. Hakukuwa na mtu mmoja mwenye dhamana ya kumwangalia kipa kutoka mechi hadi mechi, akaandika mashuti yalitoka wapi, nani aliachwa, krosi zipi alitoka na zipi alibaki mstarini. Kamati iliona matokeo tu, na matokeo yakatafsiriwa kwa macho ya mkoa wa mtazamaji. Bila maandishi ya aina hiyo hata uamuzi mzuri, kama ule wa 1911, haukuweza kurudiwa kwa makusudi mwaka mmoja baadaye.

Mechi ya Austria ina funzo lake la pembeni kwa anayeandaa timu ndogo, hasa mashuleni na mitaani ambako kipa wa akiba mara nyingi hayupo. Sheria haikuruhusu kubadilisha, kwa hiyo swali la "nani anaingia golini kipa akiumia?" lilikuwa la kujibiwa kabla ya kupanda meli kwenda Uswidi, si katikati ya kipindi cha pili. Kumtoa mshambuliaji kulipunguza mambo mawili kwa mpigo: timu ilipoteza mtu wa kuushikilia mpira mbele, na ikapata golini mtu asiyejua mabega ya Waaustria yangemjia vipi akiwa ameukumbatia mpira. Kiungo au beki mwenye umbo imara aliyefanyishwa mazoezi ya krosi mara kadhaa angekuwa na nafasi nzuri zaidi, kwa sheria zile za kukumbana.

Kuhusu nani alipaswa kuanza siku ile, msimamo wangu ni kwamba ilikuwa zamu ya bingwa wa Kiel. Siwezi kudai kwamba yeye asingeumia au kwamba Austria isingesawazisha. Ninachodai ni kwamba kwa kila kigezo kilichokuwepo Juni 1912, yaani uzoefu, ubingwa na sare ya Berlin, alikuwa mbele. Kigezo pekee kilichokuwa dhidi yake ni mabao tisa ya Oxford.

Kipa aliyeanza dhidi ya Austria naye hakustahili kutupwa kwa sababu ya jeraha na matokeo ya 5-1, eti kwa kuwa jina lake limo kwenye orodha ya kikosi cha siku hiyo. Ukifungua karatasi ya mechi hiyo leo, yeye ndiye utakayemkuta kwenye nafasi ya kwanza, na mshambuliaji aliyesimama golini baada yake ameandikwa mbele, kwenye safu ya watano.